Kiko cha Mkuu na jiwe la chini ya mlima

Wapenzi wasikilizaji, nanyi wasomaji mnaoyapata maneno haya gazetini baada ya kusikika hewani, juma hili naanza kwa kuomba radhi. Majuma machache yaliyopita, nilipozungumzia vyombo vya zamani vinavyopotea majumbani mwetu, nilisema kwamba kiko cha tumbaku kililetwa huku Kilimanjaro na Wajerumani. Nilisema kwa sauti ya uhakika, kwani nilipokuwa nikisomea stashahada yangu tulifundishwa kwamba mtangazaji hasiti mbele ya kipaza sauti. Siku ya tatu nikaletewa studio kijikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, kwa mwandiko ule wa watu waliosoma shule za zamani, kila herufi imesimama wima. Kilisema: "Mwanangu, kiko ni neno la Kiswahili, na jiwe lake limo chini ya mlima huu huu. Njoo Mkuu nikuonyeshe."

Nikaenda siku ya Jumamosi. Kutoka Moshi unapita Himo, unapanda Marangu na Mwika, halafu barabara inaambaa ubavuni mwa mlima mpaka Mkuu, makao makuu ya Wilaya ya Rombo. Nyumba ya mwenyeji wangu imo ndani ya kihamba, na karakana yake iko nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Ni fundi seremala wa miaka yote: milango, meza, makabati, na jeneza pale jirani anapofikwa na msiba.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye yule wa Wajerumani?"

Nikakiri. Akacheka, akanivutia kigoda, akafunua gunia lililokuwa juu ya meza. Chini yake palikuwa na ubao, na juu ya ubao viko kumi vimepangwa kama wanafunzi mstarini. Kimoja alikirithi. Tisa alivitengeneza mwenyewe katika muda wa zaidi ya miaka 40. Aliniomba jina lake nisilitaje. Nitaje viko, basi.

Kwanza alinisahihisha neno. Watu wa Pwani walikuwa na kiko chao kabla Mjerumani hajatia nanga, na kilikuwa na vipande vinne, kila kimoja na jina lake, kama kamusi za zamani zinavyoshuhudia. Juu kabisa ni bori, yaani kijibakuli kinachotiwa tumbaku. Bori linakaa juu ya digali, mwanzi unaoshuka ndani ya kifuu cha nazi chenye maji. Kifuu hicho ndicho kiko hasa, nacho ndicho kilichokipa chombo kizima jina. Kutoka kwenye kifuu hutokeza shilamu, mwanzi wa pili unaokwenda kinywani. Ukivuta, moshi hushuka, hupita majini, na maji hulia. Hata kilio hicho kina jina lake, malio ya kiko. Tumbaku yenyewe asili yake ni bara la Amerika, na huku mlimani wazee wetu wengi waliijua zaidi kwa njia ya ugoro, iliyosagwa na kutiwa magadi. Lakini neno, na ujuzi wa kuupoza moshi kwa maji, vilikuwapo Uswahilini. Hapo nimesahihishika.

Kwa nini mtu ajisumbue na vipande vinne kwa ajili ya kuvuta moshi? Swali hili nilimwuliza Mzee, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala haya. Alisema: "Tumbaku ikiungua inatoa vitu viwili vinavyomkera mvutaji, joto na maji. Fundi wa kiko hana kazi nyingine ila hiyo. Kiko kizuri ni kile kilichoshinda vyote viwili."

Joto kila mtu analifahamu. Maji je? Jani la tumbaku, hata likikaushwa vipi, lina unyevu ndani yake, na kuungua kwenyewe huzalisha mvuke. Mvuke huo unapokutana na bomba la baridi unageuka matone, kama vile kifuniko cha sufuria kinavyotoka jasho. Matone hayo yanachanganyika na lami ya tumbaku, yanakuwa maji meusi machungu, na mvutaji akivuta kwa pupa yanamfikia ulimini. Mtu wa Pwani aliyapeleka maji kwenye maji. Wengine duniani walitafuta njia zao, na viko vya juu ya ubao ule ni historia ya mtu mmoja wa Rombo akitafuta njia yake.

Tuanze na kile cha kurithi. Kina rangi ya kahawia iliyoiva, kinaenea kiganjani, na ukikishika unashangaa kwamba si mti. Ni jiwe. Kina alama ya tembo, na maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba kimetengenezwa Tanganyika. Kwa maneno hayo unaweza kukisia umri wake bila kumwuliza mtu: Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ikaungana na Zanzibar tarehe 26 Aprili 1964, na jina la Tanzania likaanza kutumika Oktoba mwaka huo huo. Viko vya baadaye vya aina hiyo vimeandikwa Tanzania. Baba yake Mzee alipewa kiko hiki na mwajiri wake alipokuwa kibarua katika mashamba ya ngano ya Kilimanjaro Magharibi.

Na jina la kibiashara la kiko hicho, ndugu msikilizaji, lilikuwa Kiko. Ndiyo, neno letu lile lile, likasafiri hadi madukani Ulaya na Marekani likiwa limeandamana na tembo. Vilitengenezwa Arusha tangu miaka ya 1950 na kampuni iliyoitwa Tanganyika Meerschaum Corporation. Vingine vilikuwa vya jiwe tupu, vingine vya jiwe lililovikwa ngozi, vingine vya mti uliotiwa utando wa jiwe kwa ndani. Leo wakusanyaji wa viko huko ng'ambo wanavitafuta na kuvinunua, na wengi wao, nadhani, hawajui kwamba neno lile lina maana.

Jiwe lenyewe linatoka wapi? Ukiuzunguka mlima kutoka Mkuu, ukapita Tarakea, ukaambaa upande wa Rongai na Kamwanga, kisha ukauacha mlima na kuteremka nyikani upande wa kaskazini-magharibi, unafika Sinya, katika Wilaya ya Longido. Mpaka wa Kenya uko hatua chache, na ng'ambo yake ni Amboseli. Bonde lote hilo zamani za kale lilikuwa na ziwa kubwa, na ziwa Amboseli la leo, ambalo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni vumbi jeupe, ni masalio yake. Maji yanayopenya chini kwa chini kutoka Kilimanjaro huyeyusha madini ya miamba ya volkano na kuyapeleka bondeni. Humo, katika udongo mweupe wenye magnesi na chokaa, madini yale yaliungana polepole yakawa jiwe laini ambalo wataalamu wanaliita sepiolaiti, kwa sababu linafanana na mfupa wa ngisi, na Wagiriki walimwita ngisi wa aina hiyo sepia. Wajerumani wao waliliita Meerschaum, yaani povu la bahari. Sisi tuseme mirshamu. Kwa hiyo Mzee hakukosea alipoandika kwamba jiwe limo chini ya mlima huu. Kwa namna fulani ni mlima wenyewe, ulioyeyuka ukateremka.

Sifa ya jiwe hili ni kwamba ndani yake limejaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Likilowekwa majini linalainika kama sabuni, nawe unalichonga kwa kisu cha kawaida. Likikauka linashupaa. Fundi hulipiga msasa, hulichovya katika nta ya nyuki iliyochemka, halafu hulisugua mpaka ling'ae. Mvutaji anapolitumia, vitundu vile vinanyonya maji na lami, moshi unafika mdomoni mkavu, na mwaka baada ya mwaka jiwe linabadilika rangi kutoka nyeupe kwenda manjano, kisha kahawia. Joto nalo halipenyi upesi, kwa hiyo kiganja hakiungui. Adui wawili kwa mpigo mmoja.

Mirshamu inayosifiwa zaidi duniani ni ya Eskişehir, Uturuki. Ni nyeupe sana na ni nyepesi hata kipande kikavu huelea majini. Ya Sinya ni nzito zaidi na weupe wake si safi, ndiyo maana viko vya kwetu aghalabu vilitiwa rangi ya kahawia au nyeusi. Kwa miaka mingi Waturuki waliuza jiwe ghafi, na sifa za uchongaji zikawa za Vienna. Miaka ya 1970 serikali yao ilizuia kusafirisha jiwe ghafi, ili mafundi wa kwao wachonge wenyewe. Hapo watengenezaji wa Ulaya wakalikumbuka zaidi jiwe la Afrika. Lilifika hata Kisiwa cha Man, katika bahari iliyo kati ya Uingereza na Ireland, kwenye kiwanda cha viko cha Laxey. Sisi tulianza mapema zaidi kuchonga nyumbani, Arusha, miaka ile ya 1950. Jambo hili sikulisoma katika kitabu chochote cha shule.

Turudi karakana. Mzee alianza kutengeneza viko kwa sababu ya uhaba. Baba yake alipofariki alimwachia kile cha tembo, naye alikuwa mvutaji. Mwaka 1982, miaka ile ambayo sabuni na sukari tulizipanga foleni, shilamu yake, iliyokuwa ya mpira mgumu uliokaushwa kwa salfa, ilipasuka mahali pa kuumia meno. Ya kununua haikuwapo Moshi wala Arusha. Akachukua pembe la ng'ombe, akalichemsha, akalikunja likiwa la moto, akalitoboa kwa spoku ya baiskeli iliyotiwa motoni. Lilifaa. Akajiuliza: kama nimeweza shilamu, bori litanishindaje?

Lilimshinda. Kiko chake cha kwanza ni gunzi la mahindi lililochimbwa kati. Kiliungua siku ya nne. Nilimsimulia, na alifurahi sana kusikia, kwamba Marekani wako watu wanaotengeneza viko vya magunzi mpaka leo. Katika mji wa Washington, jimbo la Missouri, mnamo 1869 fundi mkereza mbao aliyeitwa Henry Tibbe, mzaliwa wa Uholanzi, alianza kukereza viko vya magunzi, na baadaye akabuni namna ya kuyaziba matundu ya gunzi kwa plasta ili lisiungue. Biashara yake ikaitwa Missouri Meerschaum, kwa jina la jiwe letu ingawa hakuna jiwe ndani yake. "Kumbe nilikosa plasta tu," akasema Mzee.

Cha pili ni cha mpingo. Kwa macho ndicho kizuri kuliko vyote, cheusi, kimenyooka, kinang'aa. Ndicho kibaya kuliko vyote kukivuta. Mpingo ni mti mzito mno, nyuzi zake zimeshikamana hata tone la maji halina pa kuingia. Maji yote yalirudi kinywani. "Nilikuwa nakunywa tumbaku," alisema.

Cha tatu kilitokana na shina la mbuni. Wenyeji mnakumbuka jinsi bei ya kahawa ilivyoyumba baada ya mgao wa soko la dunia kuvunjika mwaka 1989, na jinsi watu walivyoanza kung'oa mibuni waliyoachiwa na baba zao. Mzee naye aling'oa baadhi. Anasema hakuwa na moyo wa kuitia jikoni. Mizizi ya mbuni wa zamani ni migumu, imejikunja, ina rangi ya asali, naye akaona humo kuna bori. Akalichonga, akalitia tumbaku, na siku ya pili likapasuka kwa mlio akadhani panya ameangusha kitu.

Hapa kuna somo ambalo Wafaransa walilijua zamani. Katika mji wa Saint-Claude, milimani mwao, tangu katikati ya karne ya 19 wametengeneza viko kwa kifundo cha mzizi wa mti mdogo wa nchi za Mediterania, ambao wataalamu wanauita Erica arborea. Kifundo kile hakichongwi kibichi. Huchemshwa kwa saa nyingi ili utomvu utoke, kisha huwekwa kivulini kwa miezi, pengine miaka, ndipo fundi anakigusa. Utomvu ukibaki ndani, moto wa tumbaku unaugeuza mvuke, na mvuke hautaki kufungiwa. Haya Mzee aliambiwa na mtalii mmoja Mfaransa aliyekuwa akishuka mlimani, kwa ishara zaidi kuliko maneno. Akachemsha mizizi ya mbuni katika pipa siku nzima, akaifukia katika vumbi la mbao ili ikauke polepole, akasubiri mwaka mmoja na nusu. Kiko cha nne hakijapasuka mpaka leo.

Nitie neno pembeni. Mti ule wa Wafaransa, pamoja na ndugu zake wa jamii ya Erika, unaota juu ya vichwa vyetu, pale msitu unapokwisha na mbuga ya baridi kuanza. Nilimwuliza Mzee kama hakuwahi kushawishika. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyechelewa. Mlima ni Hifadhi ya Taifa tangu 1973, na mwaka 2005 msitu nao ukaingizwa ndani ya hifadhi. Isitoshe, moto wa Oktoba 2020 uliteketeza takriban kilometa za mraba 95 za uoto wa huko juu. "Ule umeungua vya kutosha," alisema, "bila mimi kuutia tumbaku."

Cha tano ni cha kibuyu, na ndicho nilichokipenda. Alikiotesha mwenyewe ugani, na kikiwa kichanga akakifunga kwa kamba ya mgomba ili shingo ijikunje. Huko Afrika Kusini vibuyu hupindishwa hivyo hivyo kwa ajili ya viko. Kilipokauka akakitia bori la udongo wa mfinyanzi juu yake. Chini ya bori panabaki uwazi mtupu, moshi unapumzika humo na kupoa kabla ya kushika safari. Ni kifuu cha Pwani bila maji. Kasoro yake ni kwamba kibuyu ni chepesi kuvunjika, na wajukuu ni wengi.

Kuanzia hapo mabadiliko yake ni madogo kwa macho na makubwa kwa ulimi. Katika cha sita alichimba kijishimo mahali digali linapoungana na bori, chini kidogo ya njia ya moshi, ili maji yatuame humo na moshi upite juu. Sikumwambia mara moja, nilisubiri amalize, kwamba fundi Charles Peterson wa Dublin, Ireland, alipata hati ya ubunifu mwaka 1890 kwa wazo hilo hilo. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama lake lilikuwa pembeni au chini. Nikamwambia chini. Akatikisa kichwa kuridhika.

Cha saba na cha nane nisiviandikie hotuba. Tofauti yao ni tundu. Katika cha saba tundu la moshi linaingia borini juu ya sakafu kwa unene wa kucha, kwa hiyo kila mara tumbaku ya chini inabaki mbichi, imelowa, inanuka. Katika cha nane linaingia barabara sakafuni. "Watu wanatazama umbo," alisema. "Umbo ni nguo. Kiko ni tundu." Namna yake ya kukagua ni kuvuta hewa tupu huku amefumba macho. Tundu likipinda au kubana mahali, kiko kinapiga mluzi mwembamba. Kizuri hakisemi kitu.

Kisha cha tisa. Mwaka 1994 dereva mmoja wa lori alimletea bonge la mirshamu lenye ukubwa wa ngumi, na Mzee alilihifadhi kwa miezi mingi akiogopa kuliharibu. Mwishowe akatengeneza bori la mzizi wa mbuni uliochemshwa, akalitia ndani utando wa jiwe, akaweka kijishimo cha maji na shilamu ya pembe. Kila alichokosea katika vile vinane amekirekebisha humo. Ni kiko kidogo, hakina nakshi hata moja, ukikipita mezani hukigeukii. Alikivuta kwa miaka kumi.

Halafu akaacha. Daktari alimwambia kikohozi chake si cha vumbi la mbao. Hapa sipendi kuzungukazunguka, kwa sababu wapo wanaoamini kwamba kiko ni salama kwa vile moshi wake haumezwi kama wa sigara. Si kweli. Kiko huleta saratani ya mdomo, ya ulimi, ya koo na ya mapafu, hata kiwe cha jiwe, cha dhahabu au cha maji. Tanzania ina sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku tangu 2003, na mwaka 2007 iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani juu ya jambo hili. Kilichomwokoa Mzee ulimi hakikumwokoa kifua, naye anasema hivyo mwenyewe.

Lakini hakuacha kutengeneza, na hapo ndipo penye ugomvi. Viko vyake sasa hununuliwa na wenye maduka ya vinyago kwa ajili ya watalii. Watalii hawavuti. Wananunua kitu cha kuweka kabatini, kitu cha kusema kimetoka Kilimanjaro. Mwenye duka mmoja alimwambia waziwazi: Mzee, usijisumbue kutoboa mpaka mwisho, toboa nusu juu na nusu chini, nani atajua? Kwa siku moja ungenitolea vitano badala ya kimoja kwa juma.

Mzee alikataa. Mwenye duka sasa ananunua kwa vijana wengine ambao viko vyao vina chui, tembo na theluji ya Kibo, na havipitishi hata pumzi. Nilipewa kimoja nikijaribu. Ni kama kuvuta ukuta.

Nilikaa na jambo hili njia nzima ya kurudi Moshi. Upande mmoja mimi ni mtu wa redio ninayewaambia watu waache tumbaku, na kiko kisichopitisha moshi, ukifikiri sana, ndicho kiko bora kwa afya ya taifa. Mwenye duka, bila kukusudia, ni mwenzake daktari. Upande mwingine nilimwona mtu aliyetumia zaidi ya miaka 40 kulielewa tundu moja, akiambiwa kwamba tundu hilo halina kazi. Nadhani Mzee yuko sahihi, na sababu yangu si tumbaku. Mwenye duka anauza umbo la kazi ambayo haikufanywa, na mnunuzi analipia kazi. Huo kwa Kiswahili tuna neno lake, hata kama aliyedanganywa hajui na hatajua.

Mjukuu wake, kijana wa bodaboda, alikuwapo siku ile akirekebisha taa ya pikipiki yake. Nilimwuliza kama atarithi kazi. Akasema kwa heshima, huku akimtazama babu yake kwa pembeni, kwamba babu amemfundisha kutoboa lakini amemkataza kuvuta, na haoni atajuaje kiko kizuri bila kukivuta. Mzee akajibu kabla yangu: "Si nimekuambia kinanyamaza?" Kijana akaacha bisibisi, akachukua cha tisa, akavuta hewa tupu. Kisha akachukua cha saba, akavuta. Kwa kweli nami niliusikia mluzi.

Wakati wa kuondoka Mzee alinipa ujumbe wa kuwafikishia, na naufikisha kama alivyoutoa. Anataka kutengeneza cha kumi, na hana jiwe. Kama yuko msikilizaji upande wa Longido, mwenye leseni halali ya madini na anayeweza kumwuzia bonge moja la mirshamu ya Sinya, lisilo na ufa, lenye ukubwa wa ngumi ya mtu mzima, alete habari hapa studio nami nitaipandisha Mkuu. Ameniambia nisisitize kwamba atalilipia, na kwamba lisichemshwe wala kupigwa msasa. Lije na udongo wake.